Choo cha Mfano cha Kisimbo

Kuna nchi moja, mbali sana na hapa, ambayo sitaitaja jina kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa ila wanaposifiwa. Nasisitiza kwamba ni mbali. Msomaji akiona humu mtu anayefanana na kiongozi anayemfahamu, ajue macho yake yamechoka tu. Apumzike kidogo, kisha aendelee.

Katika nchi hiyo maji yana wizara mbili. Ipo Wizara ya Maji Yaingiayo na ipo Wizara ya Maji Yatokayo. Zamani ilikuwa moja, lakini Mkuu wa Nchi alikuwa na mashemeji wawili, na wote wawili walizaliwa na kipaji cha uwaziri, ikabidi maji yagawanywe. Tangu hapo wizara hizo haziamkiani. Maji yakiingia nyumbani kwako ni ya waziri huyu, yakitoka ni ya waziri yule, na yakitulia kwenye beseni hapo katikati hayana mwenyewe, na ni kosa kuyatolea maoni.

Kisimbo ni mji mdogo wa huko mashambani: soko, zahanati, stendi, ofisi ya mkurugenzi na vumbi. Watu wake walitumia vyoo vya shimo. Kila masika vyoo vilifurika, watoto wakaharisha, na mwishowe wananchi wakaomba wajengewe mtambo wa kusafisha majitaka. Walikuwa wamesikia kwamba ni mabwawa tu yaliyopangwa moja baada ya jingine, uchafu unapita humo polepole, unatuama, unaliwa na vijidudu na jua, na mwisho yanatoka maji yanayofaa kumwagilia miti. Hawakutaka makuu. Ombi lao likakubaliwa haraka mno, kiasi cha kuwatia wasiwasi.

Mtambo ukajengwa. Kwa kuwa nataka niwe mkweli, niseme lilijengwa lango. Na lilikuwa lango hasa! Lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya buluu, lina simba wawili wa saruji wenye sura za kustaafu, na kibao kinachokataza kupiga picha. Ukipita lango unakuta majani na mbuzi. Mabwawa hayakuchimbwa, kwa sababu wizara mbili zilishindwa kuelewana kama bwawa ni maji yanayoingia au yanayotoka. Iliundwa tume, ikapelekwa kwenye hoteli kando ya ziwa ikachunguze tabia za maji yaliyotulia. Ninapoandika haya tume bado imetulia.

Tatizo ni kwamba tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa redioni, na katika nchi hiyo kinachotangazwa redioni kimeshatokea. Kwa hiyo Mkurugenzi wa Mji, Bwana Tegemeo, mtu mwembamba aliyekuwa na tabia ya kutabasamu kabla hajasalimiwa, akawaza haraka. Mtambo hauwezi kuzinduliwa, alijiambia, lakini choo kinaweza. Kiongozi akishavuta maji na watu wakapiga makofi, nani atafuata maji?

Ndivyo alivyofika nyumbani kwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mke wa Lugoye, fundi cherehani. Watoto wao walikuwa wakubwa, wanaishi miji mingine. Alijulikana Kisimbo nzima kwa usafi. Ua wake ulifagiliwa mpaka mistari ya fagio ikaonekana, sufuria zake ungeweza kujitazamia humo ukachana nywele. Wanawake wengine walimtania kwamba hata kuku wake wanapiga mswaki. Yeye alicheka, lakini moyoni alifurahi. Usafi ndio uliokuwa heshima yake.

Nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaa, juu ya mteremko. Chini ya mteremko aliishi Siwema, mjane aliyelima mchicha na figili na kuuza sokoni. Kwenye shamba la Siwema ndiko kulikokuwa na kisima, na Nyamizi alichota hapo tangu alipoolewa bila kuambiwa neno. Wanawake hao wawili walikuwa wameshazoeana kiasi cha kuingia jikoni kwa mwenzake na kufunua chungu. Nyamizi alipofiwa na mama yake, Siwema ndiye aliyepika siku zote za matanga.

"Mama," alisema Bwana Tegemeo, akisimama katikati ya ule ua uliofagiliwa, "taifa limekuchagua."

"Nimefanya nini?" aliuliza Nyamizi kwa hofu.

"Umekuwa msafi. Utajengewa choo cha kuvuta, cheupe, chenye mnyororo. Kitaitwa Choo cha Mfano. Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja kukivuta."

Lugoye alisimamisha cherehani yake barazani. "Waziri? Hapa kwangu?"

"Hapa kwako, mzee. Lakini hicho choo cha shimo lazima kibomolewe na kufukiwa. Mji hauwezi kuwa na mfano mzuri na mfano mbaya katika ua mmoja."

Nyamizi aliuliza swali moja tu, na baadaye alijuta kwamba hakuuliza la pili. "Na maji yakishavutwa, yanakwenda wapi?"

"Mbele," alijibu Bwana Tegemeo.

"Mbele wapi?"

"Mama, maendeleo siku zote yanakwenda mbele."

Akaridhika. Mafundi walipokuja aliwaona wakichimba mtaro, wakilaza bomba kutoka chooni hadi nyuma ya ukuta wake, na hapo ukutani wakakusanya zana zao wakaondoka. Alidhani watarudi kuendelea. Kwa kweli hakufikiri sana. Alikuwa anapiga deki chumba kipya chenye vigae, na kila alipomaliza alipiga tena.

Siku ya uzinduzi Kisimbo yote ilifika. Kulikuwa na ngoma, bendi ya polisi, na kwaya iliyoimba wimbo wenye beti nyingi kuhusu utumbo wa taifa. Kasoro ilikuwa moja. Wizara ya Maji Yaingiayo ilikataa kuleta maji ya bomba kwenye shughuli ya wizara nyingine, kwa hiyo tangi la choo lilikuwa kavu. Siwema ndiye aliyeokoa jahazi. Alipanda mteremko na ndoo kichwani, akashuka, akapanda tena, huku akicheka, mpaka tangi likajaa.

"Leo jirani yangu anapata choo cha kifalme," aliwaambia watu. "Siwezi kumwacha aaibike."

Waziri wa Maji Yatokayo, Mheshimiwa Mkondya, alikuwa mtu mnene aliyevaa suti ya kijivu na viatu vyeupe. Alisimama mbele ya mlango wa choo, akakohoa, akasema:

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yanajivunia yanachokula. Sisi tutajivunia kinachofuata! Wakoloni walitunyima mnyororo huu. Walitupa minyororo mingine! Leo mnyororo tunaushika sisi wenyewe, na tunauvuta kwa hiari!"

Akaingia, akauvuta. Maji yakaunguruma. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, na kwa kuwa waziri alikuwa bado ndani ilibidi asimame wima humo humo chooni mpaka wimbo uishe. Watu wakashangilia. Lugoye alikabidhiwa koti la buluu lenye vifungo vya shaba na cheo kipya, Msimamizi wa Choo cha Mfano. Nyamizi alilia kwa furaha. Hakuna aliyetazama nyuma ya ukuta, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekuwa anakula hapo, ambaye aliondoka ghafla.

Baada ya siku chache Siwema alipanda mteremko asubuhi. Hakuingia jikoni kama kawaida yake. Alibisha hodi. Nyamizi alishangaa, akamkaribisha, akamvutia kigoda.

Siwema alikaa, akapangusa mikono kwenye kanga, akatazama chini. "Jirani, naomba usinielewe vibaya. Nataka kukuuliza kitu, na naona haya."

"Uliza tu, mwenzangu."

"Jana nyumba hii mlikula kunde?"

Nyamizi alicheka. "Tulikula, ndiyo. Nani amekwambia?"

Siwema hakucheka. Alizidi kuinamisha kichwa, na sauti yake ikawa ndogo kama mtu anayesema msibani. "Zimefika kwangu."

Kwanza Nyamizi hakuelewa. Kisha akaelewa. Masikio yake yalipata moto, moto ukashuka shingoni, ukamwingia kifuani. Mwanamke aliyepiga deki ukuta kwa ukuta, ambaye hata shuka zake alizianika upande ambao wapita njia hawaoni, alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyejua alichokula jana, na hakukijua kwa kuambiwa.

Wakashuka pamoja. Bomba lilikuwa limekomea nyuma ya ukuta, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kutoka hapo mfereji mdogo mweusi ulikuwa umejichimbia njia katikati ya tuta la mchicha, ukapita kwenye figili, ukaishia penye ukingo wa kisima.

"Nisamehe," alisema Nyamizi. Hakuweza kumtazama. "Siwema, nisamehe, sikujua."

"Najua hukujua," alijibu Siwema. "Ndiyo maana nimekuja kukwambia wewe, sikwenda kuwaambia watu."

Nyamizi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Tegemeo, bila hata kubadilisha kanga.

"Haiwezekani," alisema mkurugenzi, akitabasamu. "Majitaka ya Choo cha Mfano yanakwenda mtamboni. Imetangazwa redioni."

"Mheshimiwa, nimeyaona kwa macho yangu kwenye mchicha wa jirani yangu."

"Hayo uliyoyaona yatakuwa ni mvua."

"Hakujanyesha tangu mwezi uliopita."

"Basi ni mvua iliyochelewa." Akainuka akafunga mlango, na tabasamu likapungua kidogo. "Mama, nikuulize. Maji ya kuvutia choo unayatoa wapi?"

"Kisimani kwa Siwema."

"Na yanarudi wapi?"

"Kisimani kwa Siwema."

"Umeona?" Bwana Tegemeo alipiga meza kwa furaha. "Huo tunauita Mzunguko Kamili! Nchi nyingine zinautafuta kwa miaka mingi. Wewe nenda nyumbani, endelea kuvuta. Lakini nikuonye kama ndugu yako. Kile choo si chako. Ni cha taifa. Mtu akikifunga, atakuwa ameziba taifa, na sijui atajitetea vipi."

Nyamizi akarudi nyumbani. Alimweleza mumewe yote. Lugoye alikuwa anang'arisha vifungo vya koti lake.

"Mambo madogo hayo," alisema. "Yatarekebishwa."

"Madogo? Lugoye, kinyesi chetu kimo kwenye kisima cha mtu!"

"Punguza sauti! Kuna wageni barazani."

Kweli, walikuwapo. Kila wiki zilikuja safari za mafunzo kutoka wilaya nyingine kutazama Choo cha Mfano, na kila safari sharti ioneshwe jinsi maji yanavyovutwa. Lugoye alikuwa ameshazoea. Maisha yake yote alikuwa amepiga magoti akipima suruali za watu, na sasa wakuu wa wilaya walimwita "Mheshimiwa Msimamizi". Alisimama mlangoni, akaeleza historia ya mnyororo, akauvuta. Na kila alipouvuta Nyamizi alikuwa jikoni amefumba macho, akiyasikiliza maji yakishuka. Alijua yanakoshuka. Akaanza kula kidogo. Akajizuia, akangoja, akaenda porini kama mnyama. Lakini mumewe alikuwa anakula kama kawaida, na wageni, baada ya safari ndefu, wengi waliomba wakijaribu choo.

Sokoni habari zikaenea, ila zilienea kinyume. Hakuna aliyesema Nyamizi ananuka. Nyamizi alikuwa mfano wa taifa. Walisema Siwema ndiye anayenuka. Wateja wake walianza kupita mbali na meza yake, wakimsalimia kwa kupunga mkono. Mchicha ulinyauka mezani. Siwema hakujitetea. Angejitetea vipi bila kusema uchafu ule ni wa nani? Jioni alikusanya mboga zake, akazitupa, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Kisha akaugua, maana chemchemi ilikuwa mbali na kisima kilikuwa mlangoni. Alianza kuharisha na kutapika, na Nyamizi alipoona siku nzima moshi hautoki jikoni kwake alishuka, akamkuta sakafuni. Akamchukua kwa toroli la mboga mpaka zahanati.

Muuguzi alimtazama, akavuta pumzi. "Ni kuhara. Kubaya."

"Basi mpe dawa."

"Siwezi, mama. Tangu choo chenu kizinduliwe, Kisimbo imetangazwa haina kuhara. Dawa zake zote zimehamishiwa miji iliyo nyuma kimaendeleo." Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Nitaandika kichwa kinauma, nimpe za kichwa. Wewe mchanganyie maji, sukari na chumvi, mnyweshe kidogo kidogo bila kuacha. Maji yachemshe. Na yasiwe ya kisima kile."

Nyamizi alichota maji kwenye chemchemi ya mbali, akayachemsha, akaketi kitandani kwa Siwema na kikombe na kijiko. Siwema alikunywa akiwa amefumba macho. Hakuuliza kitu. Nyamizi alitamani amtukane. Tusi lingekuwa kitu cha kushika. Lakini mgonjwa alisema tu, "Ahsante, jirani," na neno hilo "jirani", alilolisikia miaka yote bila kulijali, lilimchoma mpaka akatoka nje akalie.

Siwema alikuwa hajapona sawasawa habari zilipofika kwamba Mheshimiwa Mkondya anarudi. Safari hii alileta ujumbe kutoka nchi jirani, mawaziri na wataalamu waliotaka kuuiga Mzunguko Kamili. Bwana Tegemeo alikuja na maneno ambayo Nyamizi angeyasema mbele ya wageni, akamfundisha mwenyewe.

"Utasema hivi: tangu nipate choo hiki nimekuwa mtu. Basi. Halafu unatabasamu."

"Nitasema," alisema Nyamizi.

Wageni walifika. Kwaya ikaimba. Lugoye akavuta mnyororo, maji yakaunguruma, wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha Nyamizi akasogezwa mbele. Aliona viatu vyeupe vya waziri. Aliona watu wote wa Kisimbo wamepanda ukutani wakimtazama.

"Tangu nipate choo hiki," alisema, "siwezi kumtazama jirani yangu usoni." Bwana Tegemeo alianza kupiga makofi ili kumfunika, lakini Nyamizi alipaza sauti. "Wageni wetu, mmeona maji yanakoingia. Twendeni sasa mkaone yanakotoka. Si mbali."

Akatoka, akashika njia ya mteremko. Wageni, wakidhani ni sehemu ya ratiba, walimfuata. Waziri naye akafuata, maana angebaki peke yake na choo.

Chini walimkuta Siwema. Alikuwa amekonda, amejifunga kitambaa kichwani, anachimba kwa jembe mfereji wa kuyaepusha yale maji na kisima chake. Yaliyotoka kuvutwa sasa hivi yalikuwa yanafika, na alikuwa anayazuia kwa udongo. Aliposikia miguu aliinua kichwa. Alipouona umati wa watu waliovaa suti, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kujaribu kufunika mfereji ule na kanga yake, kama mtu aliyekutwa uchi.

Mheshimiwa Mkondya alitazama mfereji, akatazama viatu vyake, na kwa muda mfupi sana, nawaapia wasomaji wangu, uso wake ulikuwa uso wa mtu. Midomo ilicheza bila maneno. Ungedhani atasema samahani.

Lakini uzoefu wa kazi ulimwokoa.

"Mabibi na mabwana!" alinguruma. "Huu ndio mtambo!"

Akanyoosha mkono kumwonesha Siwema.

"Mtambo wa asili! Hauhitaji umeme! Hauhitaji vipuri! Unaamka wenyewe asubuhi! Wataalamu wetu wamethibitisha kwamba mama mmoja wa Kisimbo anaweza kuhudumia mtaa mzima!"

Makofi yakalipuka. Wageni walipiga makofi huku wakijifunika pua kwa ratiba za sherehe. Mkuu wa ujumbe, mzee wa heshima, alimsogelea waziri akamwambia kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu, "Kumbe! Mbona kwetu mitambo ya namna hii tunayo mingi? Hatukujua tu inaitwaje."

Nyamizi alisimama kati yao. Alikuwa amekuja kuitoa aibu hadharani ili imwangukie mwenyewe, na aibu ilimruka ikamwangukia Siwema kwa mara ya pili. Siwema alimtazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama anauliza, ni wewe uliyewaleta?

Siku zilizofuata walikuja watu wa wizara. Waliweka kibao mbele ya nyumba ya Siwema: MTAMBO, USIGUSE. Walimweleza kwamba haruhusiwi kusafiri bila kibali, kwa kuwa mtambo hausafiri, wala kuugua bila kutoa taarifa mapema. Walipaka mlango wake rangi ya buluu ili ufanane na lango. Bwana Tegemeo akapandishwa cheo.

Nyamizi aliacha kuchota maji ya choo. Alimwambia mumewe waziwazi: "Tangi likikauka, utalijaza wewe, kwa ndoo, utapita mbele ya mlango wa Siwema, umsalimie."

Lugoye alipandisha mabega. Akachukua ndoo kweli, akateremka hadi nusu ya njia. Akaona kibao. Akasimama hapo kitambo, akarudi na ndoo tupu, akasema kichwa kinamuuma.

Ndipo wakaja wageni wengine, walimu wakuu kutoka wilaya ya mbali. Tangi lilikuwa kavu. Nyamizi alikuwa anachambua mchele dirishani. Alimsikia mumewe akisimulia historia ya mnyororo, akamsikia akiingia chooni na kufunga mlango kidogo. Mnyororo ukalia kikavu, ka! ka! Halafu akasikia sauti ya mumewe, sauti ya mtu mzima mwenye wajukuu, ikifanya: "Shwaaaaa! Glu, glu, glu!"

Walimu wakuu wakapiga makofi. Wakaandika. Wakaondoka.

Lugoye hakutoka chooni. Nyamizi alingoja, kisha akaenda, akafungua mlango. Alikuwa amekaa juu ya kile choo cheupe na koti lake la vifungo vya shaba, mikono mapajani.

"Nyamizi," alisema, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Wamepiga makofi. Na mimi nimeinama nikashukuru." Alijipangusa mdomo kama aliyekula kitu kibaya. "Mke wangu, leo nimekuwa choo."

Nyamizi hakucheka. Alimvua koti, kifungo kimoja baada ya kingine, akalitundika kwenye mnyororo.

Asubuhi iliyofuata wote wawili walianza kuchimba. Walichimba choo cha shimo mbele ya nyumba, karibu na dirisha la chumba chao, mahali ambapo kila apitaye barabarani alikiona. Watu walikusanyika. Wengine walicheka. Bwana Tegemeo, ambaye alikuwa bado hajahamia kwenye cheo chake kipya, alifika mbio.

"Marufuku! Kisimbo haina vyoo vya shimo! Wizara ya Maji Yatokayo haijatoa kibali!"

"Hakuna kitakachotoka," alisema Lugoye kutoka ndani ya shimo, kofia yake tu ikionekana. "Kitakwenda chini."

Mkurugenzi alitafakari. Kiingiacho kilikuwa cha wizara ile, kitokacho cha wizara hii. Kiendacho chini alidhani ni cha Wizara ya Madini. Akaenda kuwaandikia, na kwa kuwa Wizara ya Madini haijawahi kumjibu mtu, jambo hilo likaishia hapo kiserikali. Choo cha Mfano kipo mpaka leo. Wageni huoneshwa picha yake.

Bomba la nyuma ya ukuta Nyamizi aliliziba mwenyewe kwa saruji. Kisima kilitolewa maji yote, kikasuguliwa, kikaachwa wazi kwa jua. Siwema hakunywa tena maji yake. Wateja wake sokoni walirudi mmoja mmoja, na wengine hawakurudi.

Lakini siku ile ya kuchimba, watu walipokwisha kuchoka kutazama na kutawanyika, Siwema alipanda mteremko polepole, bado hana nguvu, akaja akasimama ukingoni mwa shimo. Hakubisha hodi, wala hakusalimu. Nyamizi alikuwa humo ndani sasa, udongo mpaka kwenye nyusi. Lugoye alikuwa anavuta ndoo juu, akatazama pembeni.

"Mmechimba karibu mno na dirisha lenu," alisema Siwema.

"Ndiyo."

"Harufu itaingia ndani."

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Iingie."

Upande wa chini mlango wake wa buluu ulionekana, na kile kibao. Nyamizi alingoja aambiwe neno lolote, la kumsamehe au la kumlaani, na halikuja. Alisikia tu kigoda cha jikoni kikiburuzwa ardhini. Siwema alikuwa amekivuta mpaka ukingoni mwa shimo, akakaa juu yake, mikono magotini, akatazama humo ndani.

Nyamizi akainama, akaendelea kuchimba.